Modemu inajivuta? Mbele ya kununua ingine, tafuta kwanza fasi yenye inakwamia

Bandugu, jambo sana. Niko naandika hii juu nimechoka kurudilia maneno moja kila siku. Tuko na sekreteria ndogo hapa Bukavu, upande wa Nyawera, tunapiga fotokopi, tunaandika TFC (kazi ya mwisho ya gradua) na memwari za banafunzi, na karibu kila siku mutu anafika na modemu ku mukono, anasema papa hii kitu imekufa, niuzie ingine. Mimi naiangalia dakika kumi, naona modemu ni nzima kabisa, kwenye inakwamia ni fasi ingine.

Mwezi yenye ilipita kijana moja alifika hapa saa kumi, memwari yake ya mega 12 ilikuwa inapashwa kufika kwa direkta wake mbele ya saa kumi na mbili ya jioni. Alikuwa ameshanunua forfe (mega za intaneti) mbili siku ile ile, ameazima na modemu ya shemeji yake, na faili ilikuwa inapanda mpaka asilimia 30 kiisha inarudi ku sifuri. Modemu zote mbili zilikuwa nzima. Nitarudi kwake chini kule.

Kwanza tusikilizane naongelea modemu gani. Ni ile ya USB yenye inafanana na flash kubwa, unatia kadi SIM ndani, unafungua programu yake, unabonyeza "unganisha". Ukiangalia vizuri inapiga namba, *99#, ni kupiga simu kabisa, sawa modemu za zamani za 56k zenye zilikuwa zinapita mu waya ya simu na kulia kama jogoo mwenye kukabwa koo. Wengi wetu huku ile ya waya hatukuijua, nyumba zenye zilikuwa na simu ya waya zilikuwa za kuhesabu. Lakini ndani ya modemu ya USB mambo ni yale yale, amri za AT (maneno mafupi ya kuongea na modemu) ni zile zile, hata uongo wa namba ni ule ule. Njo maana namna ya kutafuta ugonjwa nayo haikubadilika sana.

Ugonjwa unaweza kuwa fasi tatu tu. Ndani ya komputa mpaka ku modemu, kati ya modemu na antene ya opereta, ao kati ya antene na dunia ingine yote. Kwa zile mbili za kwanza mimi na wewe tuko na nguvu, kwa ya tatu hatuna nguvu yoyote isipokuwa kubadilisha saa ya kufanya kazi. Sasa tuanze.

1. Usiamini namba yenye Windows inaonyesha

Ukiweka mshale ku alama ya koneksio utaona 7.2 Mbps, ao 460.8 kbps, ao 115.2 kbps (megabiti ao kilobiti kwa segonde), inategemea modemu na dereva yake. Batu wanaona 7.2 wanafurahi, wanaona 115.2 wanaanza kulia. Ile namba mara mingi ni mbio ya kati ya komputa na modemu, kile kipande cha sentimita tano, haiongelei rezo (mutandao wa opereta) hata kidogo. Ni sawa kupima mbio ya taxi ungali kwenye parseli yako, barabara yenyewe hujaiona.

Kitu kingine chenye kinachanganya batu ni biti na bayti. Opereta anaongea kwa biti, faili yako inahesabiwa kwa bayti, na bayti moja ni biti 8. Kwa hiyo 7.2 Mbps, hata ingekuwa ya kweli, ni kilobayti 900 kwa segonde, haiko mega 7. Ile 56k ya zamani ilikuwa kilobayti 7 kwa segonde, na hata pale haikufika: kule Marekani sheria ilikuwa inaifunga ku 53.3, na kama kulikuwa na laini ya analogi pande zote mbili ilikuwa inashuka ku 33.6.

Ukitaka namba ya kweli teremsha faili moja yenye unajua uzito wake, shika saa ya simu, gawanya. Kama faili ya mega 3 imechukua segonde 60, uko na kilobayti 50 kwa segonde, basi, namba ni hiyo. Andika ku karatasi na saa yenye ulipima, juu tutaihitaji tena.

2. Angalia taa mbele ya kuangalia ekra

Hii ni segonde tano na inaokoa batu wengi. Modemu kama Huawei E173, yenye imejaa hapa mujini, iko na taa ndogo. Ikiwaka kijani bila kuzimika, umeunganishwa lakini ku 2G. Ikiwaka bluu bila kuzimika, uko ku 3G. Ikiwa rangi ya maji ya ziwa, kati ya bluu na kijani, uko ku 3G yenye nguvu zaidi. Kupepesa kijani mara mbili kila segonde tatu maana yake iko na umeme tu, rezo bado haijaipata. Modemu zingine ziko na rangi zingine, angalia karatasi yake, kama uliitupa basi programu yake inaandika chini pale: EDGE (ni 2G), WCDMA ao HSPA (ni 3G), LTE (ni 4G).

Kwa nini inabeba maana hivi? Angalia hesabu. GPRS, 2G ya kwanza, ikijitahidi kabisa inafika kama kbps 85. EDGE mwisho wake, na njia nne zote zikiwa zako peke yako, ni 236.8 kbps, ni kusema kilobayti 29 na kitu. 3G ya kwanza ni 384 kbps, na HSDPA, 3G ya nguvu zaidi, njo inaanza kuongea 3.6, 7.2, 14.4 na 21 Mbps. Sasa memwari ya mega 12 ku EDGE ni dakika karibu saba kama unateremsha na kama hakuna mutu mwingine, na kupandisha mara mingi inakuwa nusu ya ile mbio ao chini. Rezo ikicheka kidogo tu mu zile dakika 15, unarudi ku sifuri.

Donki taa ikiwa kijani, usiguse kitu kingine chochote, usibadilishe DNS (kitabu cha majina ya intaneti), usisafishe komputa, ugonjwa umeshauona. Ingia kwenye mipangilio ya rezo ya programu ya modemu, kwenye iko "automatiki" weka "WCDMA tu" ao "4G tu" kama modemu inaijua. Modemu ni kama mutoto muvivu: ukimuachia achague, anachagua antene yenye inasikika kwa nguvu hata kama ni ya 2G, na 2G mara mingi njo inasikika kwa nguvu.

Angalisho moja: ukifunga ku 3G tu na 3G haiko kwenye ile fasi, utakosa vyote. Hapo hamisha modemu, hatua ya 4.

3. Pima nguvu kwa namba, wacha kuhesabu vijiti

Vijiti vitano vya programu ni mapambo. Modemu yenyewe iko na namba, uulize tu. Bonyeza Windows na X, fungua meneja ya vifaa, tafuta kwenye milango ya COM ile yenye imeandikwa "PC UI Interface" (ni kwa Huawei), shika namba yake, tuseme COM7. Funga programu ya modemu juu hawapendi kugawana mulango. Fungua PuTTY (programu ndogo ya bure ya kuongea na mulango), chagua Serial, andika COM7, fungua, kiisha andika:

AT

ikujibu OK. Kama haijibu umekosea mulango, jaribu ingine. Ikijibu andika:

AT+CSQ

itakurudishia kitu kama +CSQ: 9,99. Ile ya kwanza njo tunataka. Inaenda 0 mpaka 31, na 99 maana yake hata modemu yenyewe haijui. Kuigeuza dBm, kipimo cha nguvu ya rezo: zidisha kwa 2, toa 113. Kwa hiyo 9 ni -95, 15 ni -83, 20 ni -73. Chini ya 10 mimi sipotezi wakati na kitu kingine, natafuta fasi ingine ya kuweka modemu. Kati ya 10 na 15 unafanya kazi lakini utateseka batu wakiwa wengi. Juu ya 15, kama ingali polepole, basi ugonjwa hauko ku nguvu ya rezo, ruka uende ku hatua ya 6.

Ukiwa pale andika pia AT+COPS? uone namba ya mwisho ya jibu: 0 ni 2G, 2 ni 3G, 7 ni 4G. Hii haidanganyi hata kama taa imekufa.

Wale wenye modemu za kisasa, zenye hazipigi *99# bali zinajifanya kadi ya rezo, ninyi mufungue brauza muandike 192.168.8.1 (Huawei mingi), mutapata ukurasa na hesabu zote. Kwa 4G muangalie RSRP (nguvu ya rezo) na SINR. RSRP ya -80 ni tamu, -110 ni maombi. SINR njo ya muhimu zaidi, ni kusema sauti ya antene iko juu ya kelele kwa kiasi gani: ikiwa 13 na zaidi ni muzuri, ikishuka chini ya sifuri unaweza kuwa na vijiti vitano na bado ukurasa haufunguki.

4. Songesha modemu, na usongeshe vizuri

Hapa njo ningeweza kuandika siku nzima. Bukavu yetu ni milima na mabonde, nyumba ziko zinapangana ku muteremko kama bilauri mu kabati, wewe uko Kadutu unaona antene kwa macho yako kule juu lakini nyumba yako imegeuzia mugongo. Mutu wa Nguba karibu na maji anapata rezo safi sebuleni, mu chumba ya kulala hakuna kitu, juu ukuta wa nyuma umeingia ndani ya udongo wa mulima. Kiisha juu ya kichwa tuko na manjanja (mabati), na mabati hayapitishi rezo, inayarudisha kama mupira.

Donki dirisha. Lakini siyo dirisha lolote, dirisha lenye linaangalia upande wa antene. Kama huijui upande, zunguka nyumba na modemu ku laptop, kila fasi ngoja nusu dakika, piga AT+CSQ, andika. Usiangalie mara moja tu, angalia mara tatu, ile namba inacheza. Na hapa kuna siri yenye batu hawajui: wimbi la 2100 MHz, lenye 3G inatumia mara mingi, urefu wake ni sentimita 14, la 900 MHz ni sentimita 33. Mawimbi yakigonga kuta na mabati yanarudi yanakutana na mengine, fasi zingine yanajumulika, fasi zingine yanauana. Kwa hiyo kusogeza modemu kwa upana wa vidole vinne tu kunaweza kubadilisha kila kitu, na mutu mwenye alisema "nilijaribu dirisha haikusaidia" pengine alikuwa sentimita saba pembeni ya fasi nzuri.

Kufikisha modemu ku dirisha unahitaji ralonji (waya ya kurefusha) ya USB. Kwa USB 2.0 mwisho ni mita 5, lakini zile nyembamba za bei ya chini za soko usizidishe mita 2 juu umeme unapotea njiani. Mulango wa USB 2.0 unatoa miliampe 500, modemu ikiita antene ya mbali inataka karibu yote, wakati mwingine zaidi, waya mubaya unaila, modemu inajizima inawaka, unasema rezo mubaya kumbe ni waya. Ukisikia ile sauti ya Windows ya kuchomoa na kuchomeka USB na hakuna mutu amegusa kitu, ni hiyo. Kuna waya zenye midomo miwili za kuchomeka ku milango miwili kwa mara moja, hiyo inasaidia.

Ukiwa na mulango mweusi na wa bluu, jaribu mweusi. Ule wa bluu, USB 3.0, unatoa kelele ya redio karibu na 2.4 GHz. Wi-Fi inaisikia sana, na modemu zingine za 4G pia.

Na karai. Eeeh, karai, ile ya masoni ya kuchanganyia simiti, musicheke. Chuma chenye kimezunguka kama sahani kinakusanya rezo fasi moja. Pima upana wake, uzidishe kwa wenyewe, gawanya na mara 16 ya urefu wa shimo. Karai ya sentimita 40 upana na shimo ya 10: 40 mara 40 ni 1600, gawanya na 160, unapata 10. Kwa hiyo modemu inaning'inia sentimita 10 kutoka chini ya karai, katikati, na karai inaangalia antene. Mimi nimeona CSQ ikipanda kutoka 8 mpaka 14 mu nyumba moja ya Panzi kwa kifuniko cha sufuria kubwa, mama mwenye nyumba alikuwa anatuangalia sisi kama wachawi. Haifanyi kazi kila fasi, ukigeuza upande mubaya unaharibu zaidi, lakini ni bure.

Kama modemu iko na katundu kadogo pembeni kenye kifuniko cha mpira, ni ka antene ya inje. Kabla ya kununua antene hakikisha mudomo unaingia, ziko aina mbili zenye zinafanana sana na haziingiliani.

5. Antene ya ng'ambo

Hii ni ya kwetu sisi tu wa mupaka. Ukiwa Bukavu karibu na Ruzizi, ao Goma kule karibu na Petite Barrière, modemu inasikia antene za Rwanda kama vile inasikia zetu. Kadi ya Kongo ikipoteza antene yake segonde chache inaweza kujaribu ile ya ng'ambo, kama rominingi (kutumia rezo ya inchi ingine) imefunguliwa unalipa vibaya, kama imefungwa inazunguka tu inatafuta, na wewe unaona "koneksio polepole" kumbe kila dakika inakatika na kurudi. Kuna pia wale wenye wanatumia kadi ya Rwanda hapa upande wetu juu ya bei, hao wajue tu kama antene yao iko mbali, imegeuzwa kwa batu ba kule, haikuwekwa juu yao.

Kujua uko wapi: andika AT+COPS=3,2 kiisha AT+COPS? Namba ikianza na 630 uko Kongo, 635 ni Rwanda. Zima rominingi mu programu ya modemu, na kuchagua rezo weka mukono usiwache automatiki. Siku ukisafiri uirudishe, mara mingi batu wanasahau halafu wanafika inje ya inchi wanasema modemu imekufa.

6. Nani mwengine anakula mega zako?

Kijana wa memwari, tumurudilie. Taa yake ilikuwa kijani, hiyo tulitengeneza kwa dakika mbili, tukaweka 3G tu, tukatoa modemu nyuma ya unite santrali chini ya meza ya chuma (nani anaweka modemu chini ya meza ya chuma!) tukaipeleka ku dirisha. CSQ 17. Tukapandisha memwari, na bado polepole. Hapo njo nikafungua dirisha jeusi (cmd) nikaandika ping, ni kutuma ombi dogo mbali na kupima jibu linarudi kisha milisegonde ngapi:

ping -t 8.8.8.8

Ping ya kwanza kabisa ni ndefu kila mara, usiihesabu, redio ilikuwa inalala inaamuka. Zenye zilifuata zilikuwa milisegonde 1800, 2300, 2100. Nikasimamisha memwari, zikabakia kule kule juu. Sasa hiyo inasema nini? Inasema kuna mutu mwengine ndani ya komputa anapandisha kitu. Njia ya kupanda ni nyembamba kuliko ya kushuka, ikijaa kila kitu kinapanga mustari nyuma, hata ombi la kufungua ukurasa. Tukabonyeza Ctrl Shift Esc, tukapanga kwa kolone ya rezo, tukaona OneDrive. Kijana alikuwa ametia picha za arusi ya dada yake kwenye dosye ya Picha, na Windows ilikuwa inazipeleka zote, mega mia na mia, kimya kimya. Zile forfe mbili zilienda kule. Tukaisimamisha, ping ikashuka ku 120, memwari ikapanda kwa dakika sita. Alifika mbele ya saa.

Njo hivyo fanya kila mutu: piga ping bila kufanya kitu. Ikiwa juu na hauteremshi chochote, kuna mwizi. Wezi wenyewe ni wale wale, sasisho za Windows, antivirusi, OneDrive na Google Drive, WhatsApp ya komputa yenye inateremsha video za ma-grupe yote, na simu yako yenye umeiunganishia hotspot ukasahau. Dawa kubwa ni kuambia Windows kama hii koneksio ni ya kulipia, iko kwenye mipangilio ya rezo, inaitwa koneksio yenye kipimo, ukiwasha hiyo Windows 10 na 11 zinawacha sasisho kubwa mpaka uziruhusu. Lakini usiziwache milele, mara moja kwa mwezi nenda fasi yenye Wi-Fi nzuri uzifanye.

Na virusi, zile zenye zinageuza dosye za flash kuwa njia za mukato, tunazijua wote hapa juu flash moja inapita sekreteria kumi. Zingine zinatumia koneksio yako kujituma. Ukiona ku ile orodha programu ya jina la ajabu inapandisha data saa zote, chomoa modemu kwanza, kiisha safisha.

7. Mambo madogo yenye batu wanapenda kuanzia, mimi naweka mwisho

DNS. Kuweka 8.8.8.8 ao 1.1.1.1 kunasaidia ukurasa kuanza kufunguka mbio kidogo kama DNS ya opereta inalala. Faili yako ya mega 12 haitaona tofauti. Haiko dawa.

Kuongeza "mbio ya juu ya mulango" ku 921600 mu meneja ya vifaa. Kwa modemu ya waya ya zamani ilikuwa na maana, mulango ulikuwa wa kweli. Kwa USB mulango wa COM ni wa kuigiza, nimejaribu modemu nyingi sikuona kitu.

Programu za "kuongeza mbio ya intaneti mara tano". Futa.

Kadi SIM. Hii inastahili kuangalia kama unataka 4G: kadi za zamani za wakati wa 2G haziingii ku 4G hata modemu ikiwa ya kisasa, inapashwa iwe USIM, kadi ya aina ya kisasa. Kama kadi yako ni ile uliikata na makasi kuipunguza, nenda waibadilishe, namba inabaki ile ile.

Joto. Modemu ikiwa na saa tatu juu ya jua la dirisha inachoka, iguse tu, kama mukono hauvumilii itoe, ipumuzike dakika kumi. Usiifunike na kitambaa juu ya vumbi.

Forfe. Mbele ya yote, na mimi naisahau kila mara kuiweka juu, piga kode ya opereta wako uone mega zenye zinabaki, juu forfe zingine zikifika kipimo hazikatiki, zinapunguza mbio tu, unabakia kupigana na antene bure.

8. Kama umefanya yote na bado

Umepima CSQ juu ya 15, uko 3G ao 4G, ping bila kazi iko chini, hakuna mwizi, na kuteremsha bado ni kilobayti 10. Basi ugonjwa ni antene ao nyuma yake. Chukua ile karatasi ya hatua ya kwanza, pima saa moja ya asubuhi, saa sita, saa mbili ya usiku, saa tisa ya usiku kama unaamuka. Ukikuta usiku wa manane inapanda mara kumi, antene yako imejaa batu. Na 3G iko na tabia moja ya ajabu, batu wakiongezeka ku antene eneo lake linajikunja kama mutu mwenye anavuta blanketi, wale wa pembeni wanabaki inje. Njo maana kama uko mbali na antene asubuhi uko na rezo, jioni hauna, na hakuna kitu umegusa. Hapo fanya kazi zako nzito usiku ao alfajiri, teremsha na programu yenye inaweza kuendelea kwenye ilikatikia, gawanya faili kubwa vipande vya mega 2 na 7-Zip (programu ya kufunga faili), ili kikikatika kimoja urudilie kile tu. Ao jaribu kadi ya opereta mwengine ku modemu ile ile, lakini uliza kwanza kama haikufungwa, mingi zenye ziliuzwa na opereta zinakubali kadi yake tu.

Na ukienda kulalamika ku biro ya opereta usiseme "koneksio iko mubaya", wanaisikia mara mia kwa siku, watakuambia uzime uwashe. Wapelekee karatasi: kartie na aveni, tarehe, saa, CSQ, 3G ao 4G, kilobayti kwa segonde, ping. Mara ya kwanza nilipeleka hivyo, yule wa ku giche aliita mutu wa tekniki kutoka nyuma, na huyo wa tekniki aliketi na mimi.